Mawe ya Chokaa

Kapalala alikuwa na fyekeo, filimbi, na mshahara wa serikali.
Kila Jumatano, muungurumo ukisikika upande wa Sikonge,
kwanza aliwafukuza ng'ombe wa Mlekwa,
kisha akavaa viatu.

Ndege ilileta chanjo, magazeti ya juzi,
safari moja bibi harusi
aliyeshuka akatapika nyasini, tukapiga vigelegele hivyo hivyo.

Barua ya kufunga uwanja ilikuja kwa baiskeli.
Kapalala alifyeka majuma matatu zaidi.

Ile soksi ya upepo sasa inachuja asali kwake.
Mawe ya pembezoni tuliyagawana,
mafiga matatu kila jiko,
chokaa imekuwa masizi.

Mama akisonga ugali hunisukuma kwa goti:
"Sogea. Unazuia ndege."