Bawaba

Nilikwenda dukani kwa Ziemowit na zloti mia tisa,
na upana wa nafasi iliyo nyuma ya mlango wangu
nimeuandika kiganjani: sentimita themanini.
Gdynia, Machi, theluji imeshakuwa tope.
Ghorofa ya nne, lifti hakuna,
na treni ya saa kumi na mbili na dakika nane
haimsubiri mtu anayekokota chuma ngazini.

Kulikuwa na moja nyekundu, nyepesi kama kikapu kitupu.
Niliipenda papo hapo, kama mtu anavyopenda kosa.
Ziemowit akafuta mikono kwa tambara.
"Huyo ni bibi harusi wa kifalme, Bogna.
Kila kipuri chake hutoka kiwanda kimoja.
Ikipotea skrubu, utapiga goti na kungoja."

Akanitolea nyingine: kijivu, nzito,
kiti kigumu, breki za kumwachia Mungu,
tairi nyembamba kama tambi.
"Hapa unalipia fremu na bawaba.
Vingine ni nguo. Nguo hubadilishwa.
Ekseli yake ya kawaida, uma wa nyuma mpana,
utapata cha kuivisha hata kwa muuza misumari."

Nikaikunja na kuikunjua mara kumi na moja,
nikitega sikio.
Bawaba ilisema tak,
neno ambalo kwetu maana yake ni ndiyo.

Mwaka wa kwanza, tairi nene.
Wa pili, breki, baada ya mteremko wa Witomino,
mvua, na mbwa wa mtu.
Mbwa alipona. Mimi pia, isipokuwa goti.
Wa tatu, fedha za meno ya gia
zikaenda kwenye meno ya Tymek,
nami nikapanda kile kilima miezi kumi na miwili
kwa mapaja na matusi.
Gia zilikuja baadaye, za mkono wa pili,
kwa muuguzi aliyekuwa akihamia Norwe.
Kiti cha ngozi nilirithi kwa mjomba Kazimierz,
kikiwa bado na umbo lake;
kilichukua miaka miwili kumsahau.

Kila kilichovuliwa nilikitia kwenye sanduku la viatu,
kisha la buti, kisha la televisheni.
Rahisi ghali, najua, lakini kutupa ni ghali zaidi.

Jana nimerudi kazini, nikamkuta Tymek jikoni,
ametandaza magazeti sakafuni:
tairi za tambi, kiti kigumu,
breki zile, pedali, mnyororo uliokauka mafuta,
kila kitu mahali pake, kama mifupa ya samaki kwenye sahani.
"Mama," akasema, "hii ni baiskeli nzima.
Imekosa fremu tu."

Breki, nimemwambia, hapana.

Nyuma ya mlango zimebaki sentimita thelathini na tano.
Amezipima mwenyewe, akaziandika kiganjani.
Jumamosi tunakwenda kwa Ziemowit.
Rangi atachagua yeye.
Mimi nitafumba macho, nisikilize.