Sababu Nyingine (Taja)

Siku tatu nimesimama njia panda ya Nkuhungu,
vumbi likiandika kwenye karatasi zangu kabla yangu.
Safu kumi na nne. Nauli. Dakika za kusubiri.
Una baiskeli? Nyumbani mko wangapi?
Kipato, ukiridhia kukisema.
Usiku, chumbani Makole, naviingiza kwenye kompyuta
nayo inamkata kila mtu vipande:
bodaboda kumi na tisa kwa mia,
bajaji arobaini na moja,
miguu, kinachosalia.

Dakika moja ya kusubiri juani, unasema mlinganyo,
huuma kama mbili na nusu za kukaa kitini.
Hilo naliamini. Nimesimama.

Lakini yupo Sechelela Mbeleje, muuza mlenda mkavu,
ndoo kichwani, nauli kaifunga pembeni mwa khanga
(kanionesha: sarafu tatu za mia mbili),
na bado anatembea mpaka Majengo.
Mlinganyo umempandisha bajaji
kwa uhakika wa themanini na nane.

Nikamuuliza. Akatazama nyuma
kana kwamba safu ya kumi na nne ina masikio.
"Andika, mwanangu. Bajaji zote zinapita dukani kwa Ndahani.
Ananidai sukari kilo nne, tangu msiba wa mwezi wa pili.
Na bajaji haina mlango."

Nikaandika. Aibu sina namba yake.
Msimamizi wangu akasoma, akacheka kidogo:
hiyo itupie kwenye kosa.
Kila mlinganyo una kosa lake mkiani,
herufi ya Kigiriki iliyopinda kama mundu,
humo tunafagilia tusichokijua.
Kosa. La nani?

Jioni nikapitia kwa Ndahani kununua betri za tochi.
Akaiona beji yangu.
"Wewe si ndiye unayehesabu watu pale njia panda?
Ukimwona mama wa mlenda, mwambie
lile deni nililifuta siku ileile ya matanga.
Nani anadai sukari ya msiba?
Miezi mitano sasa nakula ugali na maharage."

Asubuhi, saa kumi na mbili na robo, baridi ya Julai,
namwona anakuja kwa njia ya uchochoroni,
ndoo ileile, hatua zilezile.
Mwongozo uko wazi, ukurasa wa tatu:
mpimaji hasukumi mzani.

Nikaifunika kalamu.