Mkono Unapokoma

Chumba changu kiko Kirumba, nyuma ya duka la misumari.
Kitanda kimoja, pazia la kitenge, beseni la bluu,
chupa za mlonge, mafuta ya nyonyo,
na cheti cha usajili ukutani, kimepauka kwa jua,
pale ambapo mgeni hawezi kukikosa.

Wanawake huja na migongo.
Migongo ya kuinamia dagaa mchangani tangu alfajiri,
ya kupandisha ndoo kwenye majabali ya Mabatini,
ya mtoto wa nne, ya mume asiyegusa ndoo.
Hiyo naijua. Hiyo ni yangu.
Nauliza kabla ya kugusa,
nauliza tena nikishuka chini ya kiuno,
na komeo la mlango nimelipachika karibu na kitanda
ili anayelala alifikie kabla yangu.

Nyanjige alikuja Jumanne, ananuka ziwa na moshi.
Hakuutaja mgongo.
Alifungua kanga, akaushika mkono wangu,
akauweka mwenyewe, upande wa kushoto,
kama mtu anayemwonyesha fundi bomba linalovuja.
Kilikuwa kigumu kama kokwa ya zambarau.
Kiligoma kusogea.

"Nipake ule udongo wa Ukerewe," akasema.
"Ulimponya shangazi."
Shangazi alikuwa na jipu.

Si kwamba sikuwa na cha kumpa.
Ningeweza kumpa, na hapo ndipo penye hatari:
udongo uko kabatini,
pesa iko kwenye pindo la kanga yake,
naye ananiamini mimi kuliko anavyoiamini foleni.

Nikaondoa mkono.
Sikusema kansa; neno hilo nalo si langu.
Nikasema, "Hiki kina wenyewe. Twende kwao."

"Basi wewe kazi yako nini?"
Aliuliza kwa sauti ya kupatania bei mwaloni,
hadi mwenye duka la misumari akapunguza redio.

Nilikuwa na jibu, nikalimeza.
Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu kuna jina
ninalolinakili upya kila daftari linapojaa:
Limi, wa Igombe.
Aliniambia damu haikatiki.
Nilimpa mizizi ya kuchemsha, nikamwambia siku tatu.
Siku ya tatu alikuja dada yake, kurudisha chupa.
Ilikuwa imebaki nusu.

Nikachana karatasi ya katikati, nikaandika:
jina, umri, nilichokigusa na mahali kilipo,
dawa nilizompa: hakuna.
Tukapanda kilima cha Bugando, yeye mbele, kimya,
visigino vyake vina magamba ya samaki.

Daktari, kijana mdogo, aliisoma karatasi mara mbili.
"Nani kaandika hii?"
Nikanyoosha kidole kama mtoto wa darasani.
Hakutabasamu. Aliitoboa matundu mawili,
akaiingiza kwenye faili pamoja na karatasi zake.

Huu ni mwezi wa tano.
Dripu inamkausha mdomo, inaua nyayo zake ganzi.
Niliuliza wodini, nesi akauliza juu, jibu likashuka:
mafuta ya kukanda, sawa;
majani ya kunywa, hata moja lisimfikie,
yanaweza kugombana na dawa.
Mlonge wangu nimeuacha Kirumba.

Leo nimekuja na mafuta na taulo.
Nakanda kidole kwa kidole, unyayo, kifundo.
Huko chini feri ya Kamanga inapiga honi,
mtu anadondosha sahani, kitanda cha pili wanacheka.
Hajawahi kunisamehe lile swali lake,
au labda amesahau; sijamuuliza.

"Panda kidogo," anasema, macho kafumba.
Hapa?
"Juu zaidi. Kwenye goti."
Hapa?
"Hapo. Usipite."

Sipiti.