Mkono Mkali

Kiboriloni nzima wanausifia mkono wangu:
"Nenda kwa Manka. Ukisukwa leo, mwezi unapita
na mistari bado imelala kama matuta ya vitunguu."
Mteja akilengwa na machozi nilimkumbusha,
ukitaka uzuri sharti udhurike.
Haikaeli alidhurika. Miaka kumi na mmoja.

Leo nimemsindikiza kliniki ya ngozi, mjini Moshi.
Mlima umejifunika, hautaki kutazamwa.
Naye kilemba amekivua, amekikunja mara nne,
hajui akiweke wapi.

Daktari Mbwambo ana kidude cha kutosha kiganjani,
taa pembeni, kioo katikati, kimeungwa na simu.
Akafuta kwa spiriti, akadondosha jeli, akakibandika
juu ya sikio, pale nywele zilipoanza kuukimbia uso.
"Sogea, dada, uone."
Nikasogea.

Sikuona kichwa.
Niliona sega la nyuki, la kahawia, limepangwa,
na nukta nyeupe kama chumvi iliyomwagika juu yake.
Na unywele mmoja, mnene kama kamba ya ng'ombe,
umevaa ushanga mweupe shingoni.
"Huu ushanga ni ushahidi," akasema. "Nywele inavutwa.
Na si zamani. Ni juzijuzi."

Jumamosi, saa tano. Redio inaimba, mie nakaza.

Haikaeli hakunigeukia.
Daktari hakuuliza ni nani.
Alisogeza kioo, taratibu, kidole kwa kidole,
hadi mahali palipong'aa, hapana hata tundu,
kama ua lililosakafiwa saruji.
"Hapa mlango umeshazibwa."
Akasogeza tena. "Ila hapa, ona, malaika."

Nilidhani anasali.
Kumbe ni vile vinywele vichanga, vyembamba,
vimesimama pembezoni kama watoto waliochelewa shule.
"Hivi vikiachwa, vitakua."

Vikiachwa.

Tulishuka bila maneno mpaka mzunguko wa barabara.
Ndipo akaniuliza, huku anafunga kilemba:
"Sasa Jumamosi utanisuka nini?"
Nikavitazama vidole vyangu. Vilikuwa vimekunjika
vyenyewe, kama vimeshika kitu.

"Twende kilioni," nikamwambia.
Ile ya haraka, mistari mitatu, legelege,
ile niliyowacheka nayo wasusi wenzangu.
Hata bei sijawahi kuipangia.