Chupa ya Jamu

Kabla hujaandika hundi, Maël, keti hapa ngazini.
Kuna kitu hakimo kwenye hati ya mauzo.

Hii chupa. Ilikuwa na jamu ya tini.
Kila asubuhi, kabla ya kahawa,
nilipiga magoti penye injini,
nikalegeza skrubu chini ya chujio, nikakinga,
nikainua chupa hadi dirishani.

Dizeli njema ina rangi ya chai ya rangi,
mwanga unapita bila kubisha hodi.
Maji hukaa chini yake,
yametulia kama mgeni asiye na nia ya kuaga.
Na hapo wanapopakana, tazama vizuri,
utando mweusi, unavutika kama mlenda.
Huo una uhai. Unakula mafuta, unakunywa maji,
na hauna haraka.

Uxío alinicheka:
"Unampima mkojo mtu asiyeumwa."
Kule Ribadeo akanunua pipa la mwenye trekta, nusu bei.
Rahisi ghali, nikamwambia.
Akamimina bila faneli, bila kitambaa,
huku anapiga mluzi.

Siku tatu bahari shwari, na tangi likatunza siri.
Ya nne, mbele ya rasi ya Vilán,
upepo ukageuka, mashua ikapanda, ikashuka,
na yote yaliyolala chini
yakaamka.

Injini ikakohoa mara mbili.
Kisha kimya.
Sijui kama unakijua, Maël,
kimya cha injini, miamba ikiwa karibu kiasi cha kuhesabu ndege waliotua juu yake.

Mimi usukanini na kipande cha tanga.
Yeye chini, mafuta hadi viwikoni,
anabadili chujio, anatoa hewa bomba baada ya bomba,
anatapika kwenye ndoo, anarudi kwenye spana.
Hatukusemezana hadi Muxía.

Kesho yake nilichelewa kuamka.
Nikamkuta amepiga magoti,
chupa ya jamu mkononi, jicho moja amelifumba.
Nikapika kahawa. Sikusema neno.
Miaka kumi na tisa sikusema neno,
na lilikuwa neno tamu.

Basi. Tangi lijaze hadi shingoni kabla ya baridi:
pakibaki hewa, usiku hutoa jasho,
na jasho ni maji.
Mpira wa kifuniko cha sitaha ubadili kila mwaka;
mvua ya huku inajua kutafuta mlango.
Machujio sita yako chini ya kitanda cha kushoto.
Tarehe ni mwandiko wake.
Faneli ni ile ya kijani. Usimwazime mtu, hata rafiki.

Tangi limejaa. Nilijaza mwenyewe mwezi Februari,
wiki ile baada ya mazishi,
lita mia na arubaini, taratibu, kupitia kitambaa,
mkono ukafa ganzi.
Bei ni ileile.

Na chupa nakuachia.

Hapana. Nipe.
Chukua faneli, chukua spana zote.
Chupa tafuta yako,
uanze kwa kula jamu.