Kesi Itasikilizwa Jumanne

Lugha hii imeniazima masikio mengi.
Nasikia njaa saa saba mchana, juu ya kiunzi, mwiko mkononi.
Nasikia baridi ikipanda kutoka Ruzizi hadi Muhumba,
nasikia harufu ya sambaza za jirani kwenye mafuta,
nasikia jino.
Kisha ikaja barua yenye muhuri:
*kesi itasikilizwa Jumanne, saa tatu.*
Sikio la namna hiyo sikuazimwa.

Jumanne ya kwanza nilisugua saruji kwenye kucha,
nikavaa koti la marehemu kaka yangu.
Hakimu alifumbua kinywa, akafumba,
samaki katika beseni la Kadutu.
Nikagusa sikio, nikatikisa kichwa.
Muhuri ukapigwa; niliupata pajani, kupitia ubao wa benchi.
Imeahirishwa. Hakuna mkalimani.

Jumanne ya pili tulimleta mpwa wangu Aganze, miaka kumi.
Anajua ishara za nyumbani: maji, ugali, njoo, mama kakasirika.
Wakamtaka anifikishie mpaka wa kiwanja,
hati ya umiliki, na kifungu cha ngapi sijui.
Akafikiri, maskini, akinyonya kola ya shati. Akaonyesha:
*shamba. karatasi. mtu mbaya.*
Nikacheka. Wanasema kicheko changu kinatisha;
askari alikuja kunishika bega.
"Bubu," akasema. Hilo nalijua,
ndilo neno la kwanza nililosoma midomoni mwa watu.

Jumanne ya tatu hakimu alikuwa safarini.

Basi nikatafuta. Nilipanda Cimpunda, nikashuka Panzi,
daftari kwapani, swali moja limeandikwa juu.
Padri aliandika chini yake: *yupo mmoja, amehamia Uvira.*
Mwalimu wa viziwi: *nina madarasa matatu, mshahara wa Machi haujafika.*
Mchungaji alikuwa na ishara, ila zote za Jumapili:
msalaba, damu, ufufuo.
Kiwanja changu ni mita kumi na mbili kwa ishirini.
Hakijafa, hakihitaji kufufuliwa.
Mtu mmoja aliandika: *piga simu.*
Nilimtazama mpaka akalichukua tena daftari, akafuta.

Essence, nyuma ya duka la mafuta ya taa, kuna saluni.
Cibalonza alisoma swali langu, akamwacha mteja nusu kichwa.
Vidole vyake vilikwama kwanza, bawaba zenye kutu:
*dada yangu. kama wewe. miaka sita tangu afe.*
Kisha vikafunguka, mafuta ya nywele yakivimeremesha,
akanisimulia bei ya rasta, mume, mvua iliyobomoa ukuta,
akasimulia mpaka mteja akamvuta kitenge kwa hasira.
Hata mimi nilisahau kesi.

Jumanne ya nne karani alipekua vitabu: nani atamlipa?
Hakuna aliyepaona mahali palipoandikwa.
Nikasema nitampigia lipu ukuta. Ikaandikwa hivyo.

Jirani yangu akasimama. Anazungumza, na kwa mara ya kwanza
maneno yake yananifikia, yakipitia mikono ya mwanamke:
*baba yake aliniuzia. alijua mwanawe ni*
Mikono ikasita hewani. Ikashuka kwenye sketi.
Nilimwona akitafuta neno laini.

Lete lote, nikamwambia. Miaka thelathini na minane
watu wamenichagulia yapi nisiyajue.
Hilo tusi ni langu.

Akalileta lote. Lilikuwa refu, lilikuwa na ng'ombe ndani yake.
Nikalijibu.
Nilijibu mpaka jasho likamtiririka Cibalonza shingoni,
mpaka hakimu akaweka kalamu chini
akanitazama mimi, hakumtazama yeye.

Hukumu bado. Barua mpya inasema itasomwa Jumanne.
Leo nachekecha mchanga Essence. Ukuta wa saluni
una unyevu upande wa bondeni, si mwingi.
Nausikia kwa kiganja.