Mizani ya Nambozo

Huku Bududa mvua ikipiga siku tatu mfululizo
barabara hugeuka uji,
na kahawa hushuka mlimani juu ya migongo ya watu,
juu ya punda, juu ya vichwa vya watoto wa shule,
mpaka mlangoni kwa Nambozo, karani wa mizani.

Nambozo hana sauti.
Kanisani hukaa benchi la nyuma, jirani na mlango,
mtoto akilia atoke asisumbue.
Mwenye sauti ni mimi, mtunza ghala,
kiongozi wa maombi,
napiga kifua hadi vifungo vinatoka.
Biblia yangu ina zipu
na jina langu kwa rangi ya dhahabu.

Mwezi wa Novemba springi ya mizani ililegea.
Kila gunia likapungua kilo mbili.
Siku tisa.
Mkulima hajui uzito wa jasho lake
mpaka aambiwe.

Siku ya kumi Nambozo alipima pakiti ya sukari ya dukani,
kilo moja, haijafunguliwa.
Akaitazama sindano.
Akaipima tena.
Akaketi juu ya gunia kama aliyeletewa habari ya msiba.

Tajiri akasema: kilichopungua, jaza wewe.
Akajaza. Mshahara wa mwezi ule,
na mbuzi aliyekuwa karo ya Januari.
Akavaa buti za mpira za mumewe, akaanza kupanda.

Kwa Wamono, ambaye hakuuliza.
Kwa bibi Khainza, aliyecheka:
“Hela hushuka mlima, mwanangu, haipandi.”
Kwa Mutenyo mlevi, ambaye angemeza uongo wowote,
na aliyehesabiwa noti mbili mbili, polepole,
mpaka akaelewa.
Kwa wale ambao mteremko uliwamwaga hadi ng'ambo ya mto,
aliwatafuta kwa mashemeji.

Usiku wa mwisho akabisha kwangu,
matope hadi magotini.
Nikamkaribisha kwa jina la Bwana.
Hakuingia.
Akatoa kitu kwenye kanga:
“Bisibisi yako. Uliisahau nyuma ya mizani.
Nimeijua kwa jina.”

Jina langu, lile lile,
nililolichora kwa msumari kwenye mpini.

Nilingoja kelele. Nilingoja polisi, mchungaji, tajiri.
Nilingoja hata neno moja la Mungu, nilikanushe.
Akaniuliza kama mguu wa mke wangu umepona.
Akashuka gizani, akiteleza, akishika migomba.

Jumapili waliniita mbele niombe.
Mdomo ulifunguka, kukatoka pumzi tu.
Nikatembea hadi nyuma kabisa.
Akasogea, akampakata mtoto kwa mkono mwingine
nipate pa kukaa.

Jana nimempelekea fungu la kwanza.
Alilihesabu mara mbili, kama la mtu mwingine yeyote,
akafungua daftari,
akaandika jina langu kwa kalamu ya bluu iliyovuja,
na mbele yake:
Imepokelewa. Bado.